Gauni Jeupe Mdomoni mwa Duara

Machimbo ya Mwakitolyo,
9 Februari 2025

Shangazi yangu Epifania,

Shikamoo. Natumaini miguu inakuruhusu kwenda misa, na kwamba baba amemaliza palizi ya mpunga bila kugombana na jirani. Mimi ni mzima, ila vumbi la karasha zinazosaga mawe huku limeingia mpaka kwenye mswaki.

Siku naondoka ulisema simu huitaki, kwa kuwa kwenye simu kila mtu husema "niko salama" halafu salio linakata. Ukataka nikuandikie kama muuguzi anavyokabidhi wodi asubuhi: nani kalala vizuri, nani ana homa, nani hayupo tena. Hata ningetaka kupiga nisingeweza, maana mtandao wa huku unapatikana juu ya jabali moja, na foleni yake ni ndefu kuliko ya kliniki. Basi nakabidhi.

Nimeacha kujitolea. Miezi kumi na moja pale kituo cha afya nimezalisha, nimechoma sindano, nimepiga deki, na kila mwisho wa mwezi wenzangu wakienda benki mimi nilibaki wodini, kwa sababu lazima mtu abaki. Uliponiambia kwamba anayefanya kazi bure anawazoesha watu vibaya, nilikununia wiki nzima. Baadaye nikaona ni kweli. Leseni ninayo, vyeti ninavyo, maombi kwenye mfumo wa ajira nimetuma mara nne, na jibu ni lile lile la kusubiri.

Huku nimeajiriwa. Bosi anaitwa Maganga, mtu mnene mwenye sauti ndogo, na ndiye mwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Ana wachimbaji thelathini na wawili. Aliambiwa na wakaguzi awe na mtu wa huduma ya kwanza, ndiyo maana nipo. Nina kibanda cha turubai, meza, na sanduku lenye bandeji, spiriti na dripu mbili. Wananiita Dokta.

Kuna jambo moja tu linanikera. Wanasema mwanamke akisogelea mdomo wa duara dhahabu inakimbia. Wamefunga kamba hatua hamsini kutoka shimoni na mimi nakaa nyuma yake. Mtu akiumia ataletwa.

Je, zahanati ya hapo kijijini imepata nesi badala ya yule aliyehama mwaka jana? Ukijua niambie.

Mwanao,
Paskazia


Ushirombo,
9 Machi 2025

Kwa Muuguzi Paskazia Sostenes,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba, mwanangu. Barua yako imekaa wiki mbili chini ya kiti cha basi la Kahama, na kondakta hakuona haya kunikabidhi ikiwa na alama ya kiatu. Baba yako amegombana, kama ulivyotabiri. Ng'ombe wa Mwigulu waliingia mpungani, na sasa hao watu wawili wazima hawasalimiani kanisani. Mdogo wako Ritha anasoma vizuri. Mvua ipo.

Umesaini "mwanao". Hilo nalijua, mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa. Ripoti husainiwa kwa jina na cheo, ili ikitokea neno ijulikane ni nani alikuwa zamu. Nimekufundisha tangu ukiwa mdogo kwamba kisichoandikwa hakikufanyika.

Nafurahi umeacha ile kazi ya bure. Sisi tulipomaliza mwaka 1981 tulipangiwa vituo hata sare hatujazifua, gari la wilaya likatufuata chuoni na magodoro yetu juu. Sikuwahi kujua kwamba muuguzi anaweza kuomba kazi kama anayeomba moto kwa jirani. Lakini siipendi hiyo kamba. Hatua hamsini ni nyingi mno, damu haitakusubiri uzitembee. Mwambie bwana huyo aisogeze.

Kuhusu zahanati, milango inafunguliwa kila siku.

Shangazi yako,
Epifania, Muuguzi Mkunga (mstaafu)


Machimbo ya Mwakitolyo,
13 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Leo ni Jumapili ya Matawi na sikupata tawi. Kanisa la karibu lina padri mara moja kwa mwezi na mwezi huu ameshapita. Mvua imegeuza huku kote matope mekundu. Nimefurahi kuhusu Ritha. Kwa baba na Mwigulu, nadhani Pasaka itawapatanisha, isipokuwa ng'ombe wakirudi.

Kamba imeondolewa, ila usifurahi haraka. Kuna kijana mmoja anaitwa Ezekiel, mcheshi, kila asubuhi ananisalimia "Mwangaluka, Dokta" hata kama alishanisalimia. Wiki tatu zilizopita alizimia shimoni kwa hewa chafu ya mashine ya kuvutia maji. Walimpandisha, wakamlaza mdomoni mwa duara, wakaanza kubishana kama abebwe au mimi niitwe. Niliruka kamba na gauni langu jeupe la uuguzi. Nilimfungua shati, nikampulizia pumzi na kumkandamiza kifua mpaka akakohoa. Aliponiona akasema "Mwangaluka." Watu wengine hawakucheka. Maganga alinitazama kama mtu aliyemwagiwa mboga.

Nilifunga mizigo yangu nikijua nafukuzwa. Siku ya tatu wakapasua mwamba na kukuta mawe yenye dhahabu ambayo hawajayaona tangu waanze kuchimba. Maganga akamleta mtaalamu wake wa nyota kutoka Kharumwa, na mtaalamu, baada ya kula kuku wawili, akasema ni lile gauni jeupe. Nyota yangu na nyota ya duara zimekutana.

Sasa kazi yangu ndiyo hii. Kila asubuhi nasimama mdomoni mwa duara nikiwa na sare niliyoshonewa kwa ajili ya mahafali, na wanaume thelathini na wawili wanashuka wakigusa upindo wake. Nisimwage maji, nisipige chafya. Halafu nakaa mpaka jioni. Wagonjwa hawaletwi kwangu tena, kwa sababu mtaalamu alisema mkono wangu ukishika damu nyota itachafuka. Mtu akikatwa na jembe anapelekwa duka la dawa. Mshahara umepanda. Nilichosomea miaka mitatu ndicho nilichokatazwa.

Cheo sisaini. Nisaini nini, Hirizi Daraja la Pili?

Halafu Shangazi, "milango inafunguliwa" siyo jibu. Nani anaifungua?

Paskazia


Ushirombo,
18 Mei 2025

Kwa Muuguzi Paskazia Sostenes,

Marahaba, mwanangu. Nisamehe kwa kuchelewa, siku zangu zimekuwa fupi. Baba yako na Mwigulu walipeana mikono siku ya Pasaka, na Jumatatu ng'ombe wakarudi mpungani. Sasa tunavuna kilichosalia. Nisamehe pia kwa karatasi hii, nyingine zimeniishia.

Barua yako nilimsomea baba yako tukacheka mpaka akashika mbavu. Usiku sikucheka tena. Nimefanya kazi miaka thelathini na minane, nimeitwa mchawi, nimeitwa malaika, nimetupiwa sufuria na mume wa mzazi mmoja, lakini hakuna aliyenizuia kumshika mgonjwa. Mtu anayekulipa ili usifanye kazi yako anakuharibu taratibu, na mikono inasahau. Nasema haya nikijua kwamba mimi ndiye niliyekutoa kule kituo cha afya kwa maneno yangu.

Ukiitwa kwenye usaili uondoke siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo fanya jambo moja, hakikisha lile sanduku limejazwa. Uliniandikia dripu mbili. Zipo bado? Ulizikagua tarehe? Mwambie Maganga kwamba nyota haina mshipa wa kuchomekwa dripu.

Niishie hapa. Alhamisi ilikuwa ndefu, watoto arobaini na mmoja, na miguu imevimba.

Epifania, Muuguzi Mkunga (mstaafu)


Machimbo ya Mwakitolyo,
22 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Salamu nyingine nitaziandika mwisho nikiweza. Hii ni ripoti.

Jina: Ezekiel. Jina la baba silijui, nimeuliza na kila mtu ananitajia tofauti. Umri kama miaka ishirini na mitatu. Jumatano tarehe 18, saa tatu kasoro asubuhi, jiwe lilimwangukia akiwa anapanda, likamvunja paja na kukata mshipa. Walimtoa akiwa anaongea.

Mimi nilikuwa nimesimama palepale mdomoni na gauni langu. Niliinama kumshika na watu wawili wakanikamata mikono. Hawakunikamata kwa ubaya. Mmoja alikuwa analia, ananiambia Dokta tafadhali usiguse, tutakosa wote. Maganga hakuwepo. Gari lilikuwa limekwenda Kharumwa kumchukua mtaalamu. Ulilalamikia hatua hamsini, Shangazi. Siku ile zilibaki tatu na sikufika.

Nadhani zilipita dakika kumi na moja. Nilimng'ata mmoja mkono, nikajinasua. Nilimfunga paja kwa mkanda wa gauni na kijiti. Sanduku lilikuwa na bandeji moja. Dripu zilikuwa zimepita tarehe tangu Machi. Nilishamwambia Maganga mara tatu tangu nilipopata barua yako, na kila mara alisema kesho. Kesho yake alinunua kondoo mweupe wa kafara.

Amefariki saa tatu na dakika ishirini na tano. Nilikuwa nimemshika. Aliniuliza kama damu itatoka gauni likifuliwa, nikamwambia itatoka.

Hakuna daftari huku la kuandika haya, na hakuna mtu wa kumkabidhi. Daftari langu ni wewe.

Ujumbe wa usaili umeingia niliposimama juu ya jabali kuwatafuta ndugu zake. Ni Geita mjini, tarehe 15 Julai. Wanataka barua ya uzoefu kutoka kwa mwajiri. Maganga amesema ataniandikia mwenyewe. Hana hasira, anasema nyota zinaweza kusafishwa nikirudi.

Wasalimie wote.

Paskazia


Ushirombo,
2 Julai 2025

Kwa Muuguzi Paskazia Sostenes,

Nimepokea ripoti yako. Nimeisoma nikiwa nimesimama, maana ndivyo tulivyofundishwa kupokea taarifa ya kifo. Nimetoa nia ya misa ya Jumapili kwa Ezekiel asiye na jina la baba. Padri aliuliza ni nani wetu, nikasema ni mgonjwa wetu.

Sitakuambia kwamba hukuwa na la kufanya. Ulikuwa nalo na ulizuiwa, na utayakumbuka mambo yote mawili. Mimi nina wanne wa namna hiyo, na wa kwanza ni wa mwaka 1983. Nawajua kwa majina na nawaombea kwa zamu.

Usirudi kule hata kuchukua sufuria. Kuna neno nimekuficha na linanisumbua, lakini siyo la kumwambia mtu anayekwenda kwenye usaili. Nenda kwanza. Kula kabla ya kuingia.

Epifania


Buseresere,
10 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Niko kwa Martina, tuliyesoma naye chuo. Ana duka la dawa hapa barabara ya Biharamulo na namsaidia kupanga maboksi. Sijaja nyumbani kwa sababu naona aibu. Najua utakasirika, basi kasirika.

Usaili ulikuwa wa watu wengi mno. Tulikaa kwenye uwanja wa shule tangu saa kumi na mbili asubuhi, wote na bahasha za kaki, wengine na watoto mgongoni. Mama mmoja wa makamo aliyekaa mbele yangu alihitimu mwaka 2018. Sikumuuliza tena swali jingine.

Nilipoingia chumbani waliomba barua ya uzoefu. Bahasha ya Maganga ilikuwa imefungwa kwa gundi na mimi, kwa adabu zangu, sikuifungua. Mwenyekiti wa jopo, mama mwenye miwani, akaisoma kwa sauti. Nakunakilia: "Namthibitisha binti huyu kwamba ana nyota nzuri sana. Tangu aanze kusimama kwenye duara langu tumetoa mawe mazuri kuliko mwaka mzima uliopita. Hajawahi kupiga chafya. Akiajiriwa na serikali nayo itaona mabadiliko." Chini yake ametia mhuri na dole gumba.

Walicheka wote watatu. Nami nikacheka, Shangazi, nikashindwa kuacha, na kicheko kikageuka kilio mbele ya watu wanaonipima. Yule mama alivua miwani akaniambia nieleze kwa kituo. Nilieleza kuhusu Ezekiel, dakika kwa dakika. Hawakuniuliza swali jingine.

Majibu yametoka wiki iliyopita. Nimefaulu. Nimefaulu na nimewekwa kwenye kanzidata, maana waliofaulu ni wengi kuliko nafasi. Jina langu litakaa humo mpaka nafasi ipatikane. Nimechoka, Shangazi. Nalala naamka nimechoka vilevile.

Siku ya usaili, ubaoni pale shuleni, walibandika orodha ya zahanati zenye upungufu wa wauguzi. Niliisoma yote nikitafuta yetu. Haikuwemo. Nikajifariji kwamba basi nyumbani mmepata mtu.

Ila kuna kitu. Barua yako ya Mei uliiandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Kadi hizo hukaa kwenye droo ya chumba cha chanjo, na siku ya chanjo kwetu ni Alhamisi. Watoto arobaini na mmoja walikuwa wa nani?

Paskazia


Ushirombo,
20 Agosti 2025

Kwa Muuguzi Paskazia Sostenes,

Marahaba. Salamu za baba yako, za Ritha, hata za ng'ombe wa Mwigulu. Sikasiriki. Wa kukasirikiwa ni mimi.

Nani anafungua milango? Ni mimi. Tangu Oktoba mwaka jana. Nesi alipohama alibaki Silvesta peke yake, tabibu kijana, mwema, na siku moja nilipita nikakuta mama amejifungulia kwenye benchi la nje. Nikaingia nikanawa mikono. Kesho yake nikarudi. Ilipofika Krismasi nilikuwa na funguo. Wakati nakuandikia kwamba nafurahi umeacha kazi ya bure, nilikuwa nimetoka kazini bure, nimevua gauni, nimekaa kuandika. Niliona haya kukuambia.

Hilo ndilo neno nililokuficha, lakini kuna zito zaidi. Uliponiandikia kwamba zahanati yetu haikuwemo kwenye orodha, nilikwenda kwa Silvesta nikamwomba anionyeshe taarifa za kila mwezi. Kila mwezi ameandika: huduma zinaendelea vizuri. Hakudanganya. Ziliendelea, nilikuwa naziendesha. Juu wakasoma wakaona hakuna upungufu, na nafasi haikuombwa. Wewe umezunguka miaka miwili ukiitafuta kazi, umeenda mpaka shimoni, na kazi yenyewe nilikuwa nimeikalia mimi, shangazi yako, kwa huruma yangu. Nimelala na neno hili siku nne.

Jana nilisimama mbele ya kamati ya zahanati. Niliweka funguo mezani nikasema kuanzia Septemba mosi siji, hata mkinitumia ng'ombe siji. Mwenyekiti akauliza, Mama Epifania, wajawazito je? Nikajibu ndiyo hilo mliandike kwenye taarifa, kwa maneno hayo hayo. Nilisema hivyo nikiwajua wajawazito wote kwa majina.

Wameandika. Upungufu umepelekwa wilayani na nimeona mhuri kwa macho yangu. Wakati jibu linasubiriwa, kamati itakulipa kwa mkataba wa miezi sita. Mshahara ni mdogo kuliko wa kusimama mdomoni mwa duara. Lakini unalipwa kwa kushika watu.

Nakukabidhi. Mbuke ana mimba ya miezi minane na presha inapanda, atakuambia hajisikii vibaya, usimsikilize. Mzee Magesa yuko mwezi wa nne wa dozi ya kifua kikuu, huficha vidonge kwenye kofia. Mlango wa friji ya chanjo haufungi mpaka uusukume kwa goti. Glavu ni boksi mbili na nusu. Mengine yote yako kwenye daftari, nimeyaandika kila siku tangu Oktoba.

Kamati imenirudishia funguo mpaka mwisho wa mwezi, kisha utazikuta kwa Ritha.

Epifania, Muuguzi Mkunga (mstaafu, safari hii kweli)


Zahanati,
1 Septemba 2025, saa 1:30 asubuhi

Shangazi,

Shikamoo. Namtuma Ritha akuletee karatasi hii kabla hujavaa viatu.

Nimepokea. Mbuke alikuwa mlangoni kabla yangu na amesema hajisikii vibaya, nimempima na nimemlaza. Mzee Magesa nimemvua kofia. Friji nimeisukuma kwa goti. Glavu nimehesabu, ni boksi mbili na pea kumi na tisa.

Gauni nililovaa ni lile lile. Nimelifua mara nne na kwenye upindo limebaki doa. Nilimdanganya.

Kwenye daftari lako, chini ya ulipoishia jana, nimeandika kwanza Ezekiel, machimboni, saa 3:25, ingawa hakuwa wa hapa. Silvesta aliuliza nikamwambia ni mgonjwa wetu. Kisha nikaanza siku.

Usije. Pumzisha miguu.

Paskazia Sostenes,
Muuguzi wa zamu